Bustani za chomboni: tusiwafunze watoto uzuri wa mkakasi

Wahenga walisema kuwa uzuri wa mkakasi ukipata maji basi. Mkakasi, kwa faida ya wanafunzi ambao hawajapata kuuona, ni kijisanduku cha mviringo kinachotiwa rangi na nakshi za kupendeza kwa nje. Kikilowa, rangi huchujuka, nawe ukabaki umeshika kipande cha mti. Methali hii niliifundisha kwa miaka mingi, na kwa miaka mingi wanafunzi wangu waliiandika katika insha zao wakiwasema watu warembo wasio na tabia njema. Sikuwahi kufikiri kwamba ningekuja kuiona kwa macho yangu, juu ya meza, katika ua wa shule moja ya msingi jijini Nairobi.

Nilikuwa nimealikwa kama babu wa mwanafunzi. Watoto wa Gredi ya Tano walitakiwa kutengeneza bustani ndogo, kila mmoja katika chombo chake, na Ijumaa hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya kuzionyesha na kutiwa alama. Juu ya meza palikuwa na mabeseni, makarai, sufuria kuukuu, vyungu, mabakuli ya kioo, hata kiatu kimoja cha mvua kilichojazwa udongo mpaka shingoni. Ndani ya vyombo hivyo mlikuwa na vijumba, vijia, vidimbwi na vimti. Sitasema uongo kwamba sikufurahi. Mtu mzima akiinama juu ya bustani inayotosha kubebwa mikononi, hurudi utotoni papo hapo, akatamani awe mdogo kiasi cha kupita katika kile kijia.

Furaha ilianza kupungua nilipokumbuka maneno ya mjukuu wangu siku mbili kabla. "Babu," aliniambia, "mwalimu amesema tupeleke bustani Ijumaa. Mama anasema tutainunua njiani." Nilicheka siku hiyo. Bustani kununuliwa njiani kama mkate! Kumbe wauza maua wa kando ya barabara walikwisha kuipata habari ya kazi hiyo ya darasani, wakatayarisha vyombo kwa makumi, kumngojea mzazi aliyechelewa kutoka kazini.

Chombo kilichoshika nafasi ya kwanza kilikuwa bakuli la kioo. Kilitandikwa nyasi za plastiki, kikatiwa kipande cha kioo cha kujitazamia kuwa ziwa, kikazungushiwa kokoto nyeupe na kauri zilizopakwa rangi ya dhahabu. Kando ya ziwa palisimama kijumba cha plastiki chenye paa jekundu, na nyuma yake, kama wageni waliokodishwa kwa siku moja, mshubiri mdogo na kangaga. Mshubiri ni mmea wa nchi kavu. Kangaga ni mmea wa kingo za mito. Kuwapanda wawili hao katika bakuli moja lisilo na tundu ni sawa na kuwafunga pingu moja samaki na mbuzi. Lakini aliyekuwa akitoa alama hakutazama hayo. Alitazama kauri.

Mwishoni mwa meza alisimama mvulana mmoja na mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia. Alikuwa ameutoboa chini kwa msumari, matundu saba. Ndani alipanda kangaga alilolichimba kando ya kijito, na kulizungushia yale majani laini ya kijani yaotayo kama zulia kwenye kuta zenye unyevu, ambayo alisema ameyabandua nyuma ya tangi la maji. Kijia chake kilitengenezwa kwa vigae vya chungu kilichovunjika, vikubwa upande wa mtazamaji, vidogo kadiri kinavyokwenda mbali, hata ukadhani kijia kinaishia katika msitu. Nilimwuliza nani aliyemfunza ujanja huo wa kulidanganya jicho. Alinijibu kuwa ameitazama barabara. Alipata alama za chini, na katika karatasi yake pameandikwa neno moja: "Haikupambwa."

Sitaki nieleweke kuwa ninamtupia mwalimu lawama zote. Nimekuwa mwalimu, nayajua madarasa ya watoto sitini na tarehe za kuwasilisha alama ambazo hazimsubiri mtu. Tena mimi mwenyewe si msafi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, nasi tukaambiwa tufunze watoto kutenda kwa mikono, nilipokea vikapu vya somo la Sanaa na Ufundi ambavyo kila mtu alijua vimetoka sokoni, nikavitia alama nzuri kwa sababu vilikuwa vimesukwa vizuri. Alama zile, kwa haki, zilikuwa za mama fulani nisiyemjua. Leo tunao mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, nao unasisitiza vivyo hivyo kwamba mtoto ajifunze kwa kutenda. Jina limebadilika. Kikapu cha sokoni kimekuwa bustani ya kando ya barabara.

Kosa letu, kwa maoni yangu, liko katika saa ya kutia alama. Bustani, hata iwe ndogo kama kiganja, si mchoro wala kinyago. Mchoro humalizika siku unapokamilika; bustani siku hiyo ndiyo kwanza imeanza. Anayeipima Ijumaa ya kuletwa anapima ununuzi na upambaji, na hana njia yoyote ya kuupima utunzaji, ambao ndio sanaa yenyewe.

Hebu tuwatazame waliotutangulia katika sanaa hii. Katika kaburi la mwanamfalme wa China aliyeitwa Li Xian, aliyezikwa upya kwa heshima mwaka 706, mna picha ukutani za watumishi waliobeba mikononi sahani zenye mawe na vimiti, yaani mandhari nzima iliyopunguzwa ikatosha mezani. Kutoka huko sanaa hiyo ilivuka hadi Japani, ambako iliendelezwa na kupata jina la bonsai. Pana msonobari mweupe mmoja wa Kijapani, uliomo katika chungu chake, ambao umekuwa ukitunzwa tangu mwaka 1625. Agosti 6, 1945, bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima, mti huo ulikuwa katika ua wa familia ya Yamaki, kiasi cha kilomita tatu kutoka mahali pa mlipuko. Ukuta uliukinga, ukanusurika. Mwaka 1976 familia hiyo iliutoa zawadi kwa Marekani, nao ungali Washington hadi leo. Ajabu ni kuwa waliokabidhiwa kuutunza hawakuijua habari hiyo ya Hiroshima mpaka mwaka 2001, wajukuu wa mtoaji walipokuja kuutazama mti wa babu yao. Mti ule haukuvikwa kauri za dhahabu. Thamani yake ni kwamba kwa karibu miaka mia nne hapajakosekana mtu wa kuutia maji.

Tusidhani pia kwamba mambo haya ni ya Wachina na Wajapani pekee, nasi tunayaiga tu. Katika maduka ya Ulaya na Marekani, na siku hizi hata katika maduka makubwa ya Nairobi, huuzwa ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya laini, ndani ya kikopo. Wajerumani huliita urujuani wa Usambara, na jina hilo halisemi uongo. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa afisa wa serikali ya Kijerumani huko Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani ua hilo kutoka nchi ya milima ya Usambara. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia kwa heshima ya ukoo huo. Waliolijua kabla yao, kule milimani, hawakuulizwa. Ndugu zake wengine huota hapa kwetu, juu ya miamba yenye kivuli katika milima ya Taita. Mtoto wa Voi hulinunua dukani akidhani limetoka ng'ambo! Nami sisemi twende tukaling'oe huko Taita, la hasha. Mimea ile ni adimu na misitu yake imepungua mno. Ninasema tu kwamba mwalimu anayetafuta kisa cha kuwasimulia watoto wanaopanda ua katika kikopo, kisa kiko karibu.

Sasa niyarudie yale matundu saba ya msumari, kwa sababu humo mna elimu kuliko katika kokoto zote nyeupe za mshindi. Mizizi huvuta hewa kama sisi. Maji yasipopata pa kutokea, hukaa kati ya chembe za udongo na kuifukuza hewa, mizizi ikaoza, na mmea hunyauka huku umesimama majini. Mtoto akiuona umenyauka huuongezea maji. Hivyo ndivyo mimea mingi ya chomboni inavyouawa, kwa huruma.

Wapo walimu wanaofundisha, nami nilikuwa mmoja wao, kwamba ukitandika kokoto chini ya chombo maji yatatoka vizuri. Si kweli. Maji hayatoki katika udongo laini kuingia katika kokoto mpaka udongo ule ulowe chepechepe. Kwa hiyo kokoto hazifanyi kingine ila kuusogeza utope juu, karibu zaidi na mizizi. Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani kwa sifongo ya kuoshea vyombo. Ilowanishe, uishike ikiwa imelala, ungoje mpaka iache kudondosha maji. Kisha isimamishe wima: itaanza kudondosha tena, ingawa hukuikamua. Kwa nini? Kwa kuwa kimo kimeongezeka, na uzito wa maji yaliyo juu unayasukuma yaliyo chini. Kwa hivyo chombo kirefu hutoa maji kwa urahisi kuliko sahani, na udongo ule ule ukitiwa katika sahani hukaa tope. Mwalimu wa sayansi anayeitafuta njia ya kulileta somo lake katika bustani, ndiyo hiyo.

Udongo wenyewe nao haufai kuchotwa popote. Udongo mwekundu wa viunga vya Nairobi ni mzuri shambani, lakini ukifungiwa mkebeni peke yake hushikana ukawa kama tofali. Uchanganywe na mboji na mchanga wa mto. Mafungu mawili ya udongo, moja la mboji na moja la mchanga yanatosha kwa mimea mingi. Samadi iwe iliyooza kabisa, maana mbichi huunguza mizizi. Mimea nayo ichaguliwe kwa kiu yake: inayopenda maji ikae na wenziwe, ya ukame na wenziwe.

Na kama mtoto hana budi kutumia kioo, basi afunzwe kisa cha Nathaniel Ward, daktari wa London. Mwaka 1829 daktari huyo alimfungia nondo, aliyekuwa bado katika kifuko chake, ndani ya chupa yenye udongo wenye unyevu, ili amwone akitoka. Alichokiona kikitoka ni kangaga dogo na jani la nyasi. Moshi wa London ulikuwa umemwulia makangaga mengi bustanini, ilhali haya ya chupani yaliishi karibu miaka minne bila kutiwa maji. Maji yalipanda kwa joto la mchana, yakagandamana juu ya kioo, yakarudi udongoni. Mwaka 1833 Ward alipeleka masanduku mawili ya kioo yenye mimea hadi Australia kwa jahazi, na mimea ikafika salama. Kwa masanduku ya namna hiyo miche ya chai ilisafirishwa kutoka China hadi India. Lakini zingatia, mwanafunzi: kioo cha Ward kilifunikwa, na kilikaliwa na makangaga yapendayo unyevunyevu. Bakuli wazi lisilo na tundu, lenye mshubiri ndani, si sanduku la Ward. Wala kioo kilichofunikwa hakiwekwi juani, kwa kuwa kitaipika mimea.

Mapambo siyapingi, kwani hata msonobari wa Yamaki una chungu chake kizuri. Nataka tu yafike mwisho, mmea ukiisha kushika. Nyasi za plastiki zinaufunika udongo hata mtoto asijue kama umekauka. Kijumba kikiupita mti kwa kimo, jicho hukataa kuamini, afadhali kiondolewe. Mawe ya aina moja hupendeza kuliko ya aina tano. Kauri na kombe za baharini zioshwe mpaka chumvi iishe, na zisiokotwe katika hifadhi za bahari, ambako sheria inakataza. Kigae, bua la mhindi, kipande cha kifuu, jiwe la mtoni: vitu hivi havina bei, na mtoto akivipanga kwa mkono wake ataeleza kwa nini kila kimoja kiko kilipo.

Atatokea mtu aniulize: katika nchi ambayo wako wanaolala njaa, bustani za vijumba na vijia zina maana gani? Si afadhali mtoto apande sukuma wiki? Ni swali la haki. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, shirika la Kifaransa la Solidarités liliwasaidia wakazi wa Kibera kuanzisha bustani za magunia. Gunia hujazwa udongo na samadi kuuzunguka mhimili wa mawe uliosimama katikati kutoka chini hadi juu, kisha miche hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni. Tazama basi: hapa mawe yana kazi, kwa kuwa yamesimama wima na kuyapeleka maji kwa miche ya chini. Mtoto aliyeielewa sifongo atalielewa gunia. Aliyejua kuulisha mrehani mkebeni ana nusu ya ujuzi wa kulilisha gunia la sukuma wiki. Lakini nitaongeza kwamba si kila kitu mtoto anachokipanda lazima kiliwe. Akina mama wa pwani wamekaa na mrehani wao katika madebe uani kwa ajili ya harufu, na hakuna aliyewaita wapumbavu. Neno lenyewe bustani tumelipata kutoka kwa Waajemi, nalo kwa asili lina maana ya mahali pa harufu nzuri.

Pendekezo langu kwa walimu si geni. Profesa Wangari Maathai alianzisha shughuli za Green Belt Movement mwaka 1977, na akina mama wa vijijini wakaotesha miche kwa vyombo walivyokuwa navyo, ikiwemo mikebe na vyungu vilivyovunjika. Walilipwa senti chache kwa mche. Lakini hawakulipwa kwa mche uliopandwa. Walilipwa kwa mche uliosalimika baada ya kupandwa. Katika kanuni hiyo moja mna hekima kuliko katika mabuku mengi ya tathmini, na aliyeitumia alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004.

Basi bustani ya chomboni iletwe wiki ya kwanza ya muhula, mbele ya mwalimu, ikiwa chombo, udongo na mche tu. Ipewe nafasi yake dirishani au barazani. Mtoto aandike katika daftari siku alizoitia maji, jani lililochomoza, jani lililokufa na sababu anayoidhani. Wiki ya tano aanze kupamba. Alama zitolewe wiki ya mwisho, na mtoto ambaye mmea wake umekufa lakini anajua kwa nini, asinyimwe zote. Mwalimu wa Kiswahili akikosa kazi ya kuwapa, awatume kwa nyanya zao waulize jina la kila mmea, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Wauza maua wa kando ya barabara watapata hasara kidogo, nami nawaomba radhi. Wazazi watapumua.

Majuma matatu baada ya maonyesho yale, nilirudi shuleni kumchukua mjukuu wangu. Bakuli la mshindi lilikuwa bado juu ya kabati katika afisi. Maji yalikuwa yamejikusanya chini ya nyasi za plastiki na kuanza kunuka. Shina la mshubiri lilikuwa laini kama ndizi iliyooza. Niliutafuta ule mkebe wenye matundu saba. Mvulana mwenyewe ndiye aliyenipa habari yake. Wageni walikuwa wakija, wanafunzi wa zamu wakaambiwa wasafishe baraza, nao wakautupa katika shimo la taka. "Walisema ni mkebe tu, babu," aliniambia, akaenda zake kucheza mpira.

Bustani ya mjukuu wangu, ile ya kununuliwa, haikufika hata majuma hayo matatu. Tumetoboa debe jingine hapa nyumbani, yeye akashika msumari nami nikashika nyundo, na yule mvulana wa mkebe amempa kipande cha kangaga kutoka kijitoni kwake. Limechomoza jani moja, bado limejikunja kama mkia wa kinyonga. Mwalimu hajaliona.